Nyumba Kubwa

Karibu na mto Kafubu, upande wa Lubumbashi, mtu mmoja alikaa na mke wake, watoto sita na nkambo yao katika nyumba ndogo. Urefu wake ulikuwa meta 4, upana meta 3. Watu 9 walilala mle. Mtoto mmoja akikohoa usiku, wote waliamka.

Mvua zilipokwisha, mwezi wa tano, baba alisema: «Mwaka huu nitajenga nyumba mara mbili ya hii: meta 8 kwa meta 6.»

Udongo ulikuwapo. Nyuma ya nyumba palikuwa na kichuguu kikubwa, na udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa matofali: unashikamana, tena hauuzwi. Kuni za tanuru zilipatikana, ingawa mbali. Mabati ndiyo ya kununua, kwani yale ya zamani yameliwa na kutu. Nyumba ya zamani ilifunikwa kwa mabati 10. Basi baba aliweka feza ya mabati 20.

Binti yake wa darasa la tano alitwaa kijiti, akachora nyumba mbili chini.

«Baba, kuta ni mara mbili kweli. Kuizunguka nyumba yetu ni meta 14, kuizunguka ile mpya ni meta 28. Lakini paa linafunika sakafu yote. Yetu ni 4 × 3, yaani 12. Mpya ni 8 × 6, yaani 48. Ni mara nne! Tutataka mabati 40.»

Baba alinyamaza. Aliwaza mvua za mwezi wa kumi na moja zikianguka juu ya kuta zisizo na paa.

Mama akasema polepole: «Iko feza ya masomo ya watoto.»

«Hiyo haiguswi, mama.»

Baba akaomba kijiti. Akaongeza chumba kimoja tu ubavuni mwa nyumba ya zamani, meta 4 kwa meta 3 vilevile. Sakafu yote sasa ni 24, na mabati 20 yanatosha. Kuta mpya ni meta 10 tu, kwa sababu ukuta mmoja wa zamani unatumika kwa vyumba vyote viwili. Watatoboa mlango humo.

Nkambo alinung’unika kidogo. Yeye alitaka baraza ya kuotea jua.

Kesho yake asubuhi baba alianza kuchimba kichuguu.

Zoezi. Baba akiongeza chumba cha tatu cha namna ile ile, kando ya kile cha pili, atajenga kuta mpya za meta ngapi? Atanunua mabati mangapi tena?