Cyprien Rugamba: Fundi wa Nyimbo Aliyechelewa Kumpenda Mke Wake



Tukizungumzia ndoa takatifu huwa tunakimbilia mifano ya Ulaya. Louis na Zélie Martin, wazazi wa Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, walitangazwa watakatifu Oktoba 2015, na ni jambo jema. Lakini mwezi mmoja kabla ya hapo, Septemba 2015, Jimbo Kuu la Kigali lilifungua mchakato wa kuwatangaza wenyeheri mtu na mkewe wa huku kwetu kabisa: Cyprien Rugamba na Daphrose Mukansanga. Waliuawa pamoja nyumbani kwao Kigali tarehe 7 Aprili 1994, wakiwa na watoto wao sita.

Mimi ni kijana wa Katumba, hapa Mpanda. Wazee wetu wengi walifika huku wakikimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972, na Kirundi chao na Kinyarwanda ni lugha zinazosikilizana. Nilimwekea bibi yangu wimbo mmoja wa Rugamba kwenye simu. Hakuuliza maana yake. Aliuliza tu huyo anayeimba ni mtoto wa nani.

Basi hebu tumjue.

Rugamba alizaliwa miaka ya 1930 huko Cyanika, kusini mwa Rwanda. Aliingia seminari, akafika hadi seminari kuu ya Nyakibanda, na huko huko kwenye vitabu vya falsafa imani ikamponyoka. Akatoka. Akasoma historia, akawa mshairi, mtunzi wa nyimbo na mtaalamu wa ngoma za asili, na kwa miaka mingi akaongoza taasisi ya taifa ya utafiti pale Butare. Katika miaka ya 1970 alianzisha kikundi cha ngoma na nyimbo kilichoitwa Amasimbi n'Amakombe, na kwa njia hiyo jina lake likajulikana Rwanda nzima. Alichukua inanga, ngoma na michezo ya intore, vitu ambavyo wasomi wengi wa wakati ule waliviona ni vya kijijini, akavipa heshima jukwaani.

Hapa niseme kidogo na wanakwaya. Kuna vijana wanaona kwaya bila kinanda cha umeme si kwaya, na ikembe au umuduri ni vitu vya wazee wa pombe. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu liturujia ya mwaka 1963, ulifundisha kwamba muziki wa asili wa kila taifa upewe nafasi yake katika ibada. Rugamba baadaye alitunga nyimbo nyingi za sala kwa Kinyarwanda, kwa mahadhi yale yale ya nyumbani.

Ila mtu huyu mwenye nyimbo tamu namna hiyo, nyumbani kwake alikuwa mgumu. Binti aliyempenda ujanani aliuawa katika ghasia za mwaka 1963. Mwaka 1965 alimuoa Daphrose, mwalimu, ambaye alikuwa ndugu wa yule marehemu. Alifunga ndoa kanisani, lakini imani haikuwepo. Walipokuwa wamepata mtoto wa kwanza, alisikiliza maneno ya watu dhidi ya mkewe, akamrudisha kwao kwa miezi kadhaa. Waliporudiana, maisha hayakuwa matamu. Kulikuwa na wanawake wengine, na mtoto akazaliwa nje ya ndoa. Daphrose alimpokea mtoto huyo. Fikiria: nchi nzima inamshangilia mumeo jukwaani, wewe uko ndani unamsubiri, na akirudi hana la kukuambia.

Mtume Paulo aliwaeleza Wakorintho kwamba mtu anaweza kuwa na lugha za malaika na bado, pasipo upendo, akabaki kuwa kelele tu. Sisi tunalisoma fungu hilo kwenye harusi, tunapiga picha, tunakwenda kula pilau. Kwa Daphrose hilo lilikuwa jambo la kila siku.

Akasali. Kuanzia 1965 hadi 1982 ni miaka 17.

Ngoja nisimame hapa, maana najua historia hii inavyoweza kutumiwa vibaya. Wapo watakaomwambia dada anayepigwa, "Mwangalie Daphrose, vumilia." Hapana jamani. Ninachomsimulia hapa Rugamba ni ubaridi, dharau na uzinzi, nayo ni makosa mazito, lakini kipigo ni habari nyingine. Sheria ya Kanisa yenyewe, Kanuni ya 1153, inampa mwanandoa haki ya kutengana na mwenzake anayehatarisha roho au mwili wake, au wa watoto. Kama kuna hatari ya haraka, anaweza kuondoka kwanza, taratibu zifuate baadaye. Uvumilivu wa Daphrose ulikuwa uamuzi wake huru mbele ya Mungu. Asitokee mtu akaugeuza kuwa fimbo ya kumchapia mwingine.

Mwaka 1982 Rugamba aliugua sana. Ugonjwa ulimshika kichwani, na mtu aliyeishi kwa akili na sauti yake akajikuta hawezi kufanya lolote kati ya yale yaliyompa jina. Aliyebaki kando ya kitanda ni yule yule mke. Alipelekwa Ubelgiji kwa matibabu, na katika kipindi hicho cha ugonjwa moyo wake ukafunguka. Alirudi akiwa mwamini. Akamwomba mkewe msamaha, akaanza kwenda Misa, na nyimbo zake zikageuka kuwa sala.

Mimi kinachonigusa zaidi si ule ugonjwa. Wengi wetu tukiugua tunaahidi mambo, tukipona tunasahau. Kinachonigusa ni ile miaka 12 iliyofuata, kuanzia 1982 mpaka 1994, ambayo aliiishi kama mume kweli. Waliokuwa karibu nao wanasimulia nyumba iliyokuwa wazi kwa kila mtu, watu wawili wanaosali pamoja na kufanya kazi pamoja. Mwaka 1989 walihiji Paray-le-Monial, Ufaransa, mahali ambapo Mtakatifu Margareta Maria Alakoki alitokewa na Moyo Mtakatifu wa Yesu. Mwaka uliofuata, Septemba 1990, wakaanzisha Jumuiya ya Emmanuel nchini Rwanda. Daphrose alianza kuwalisha watoto wa mitaani wa Kigali, na kituo kinachowahudumia watoto hao kipo mpaka leo kwa jina lao wote wawili.

Na upendo ule haukuishia ukutani kwa nyumba yao. Vitambulisho vya Rwanda viliandikwa kabila la mtu, utaratibu ulioachwa na wakoloni wa Kibelgiji tangu miaka ya 1930. Rugamba alimwomba Rais Habyarimana neno hilo liondolewe. Halikuondolewa. Katika mauaji ya kimbari ya 1994, kadi hiyo ndiyo iliyokuwa ikikaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani kuamua nani aishi na nani afe.

Sisi wa Katumba hatuhitaji kuelezwa sana jambo hili. Babu zetu walikimbia kwa sababu ya neno kama hilo. Mwaka 2014, serikali ya Tanzania ilipoanza kugawa vyeti vya uraia kwa watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wengine walikuwa wameishi miaka 40 na ushee bila kuwa raia wa nchi yoyote waliyoweza kuiita yao. Hata hivyo bado utasikia kijana akitaka kuoa, swali la kwanza linakuwa "huyo binti ni wa kabila gani?" Mkikutana kwenye VIWAWA, lizungumzeni hili bila kuogopana.

Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais ilitunguliwa. Familia ya Rugamba ilikuwa na ruhusa ya kutunza Ekaristi Takatifu nyumbani, na usiku ule waliutumia kuabudu. Asubuhi askari wakaingia.

Mwana wao mmoja aliyenusurika, Dorcy Rugamba, leo ni mwigizaji na mwandishi anayefahamika. Mwaka 2024, miaka 30 baada ya mauaji, alichapisha kitabu kilichoandikwa kama barua kwa wale wasiokuwepo tena.

Jambo la mwisho, kwa wanaouliza kama tunaweza kuwaomba. Wakiwa Watumishi wa Mungu, sala binafsi inaruhusiwa: nyumbani, wewe na mchumba wako, au kimoyomoyo njiani ukitoka shamba. Kuwaheshimu hadharani katika ibada ya Kanisa kunasubiri tamko la Baba Mtakatifu. Nyimbo zenyewe hazisubiri kibali, zipo mtandaoni. Tafuta mmoja, mpelekee mzee yeyote anayejua Kirundi, kaa naye akutafsirie mstari kwa mstari.