KUFUMA KWA KROSHIA: HESABU KABLA YA KUGEUZA

Kufuma kwa kroshia ni kazi ambayo watu wengi huiona kuwa nyepesi. Nyumba nyingi za kwetu zina vitambaa vya kufuma juu ya meza na migongoni mwa viti, na kwa kuwa tumevizoea tangu utoto, twadhani kwamba mkono utajifunza wenyewe kwa kutazama tu. Mimi nami nilidhani hivyo. Katika makala haya nataka kuwaeleza wenzangu misingi ya kazi hii, pamoja na kosa moja lililonipotezea majuma mawili, ili mwingine asilirudie.

Asili ya neno kroshia ni Kifaransa, na maana yake ni kulabu ndogo. Wala si kazi ya kupitishia wakati tu. Huko Ireland, njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 kwa sababu ya ugonjwa wa viazi ilipowakumba watu, wanawake wengi walifundishwa kufuma lesi kwa kroshia, na kwa kuiuza waliweza kulisha jamaa zao.

Yafaa tujue pia tofauti ya kazi hii na ile ya kufuma sweta kwa sindano mbili. Katika sweta, vitanzi vingi hubaki juu ya sindano kwa wakati mmoja. Katika kroshia, ukimaliza mshono hubaki kitanzi kimoja tu. Kwa hiyo ukikosea waweza kufumua bila hofu: chomoa sindano, vuta uzi, kisha simama pale unapotaka. Jambo hili mlikumbuke, maana nitalirudia.

VIFAA

Anayeanza asichague uzi mwembamba wala mweusi, kwa sababu hataona mishono yake. Achukue uzi wa sufu mnene kiasi, wa rangi nyeupe au nyingine iliyo hafifu, na sindano ya kroshia ya milimita 4. Sindano za chuma, kama ile ya milimita 1.5, ni za uzi mwembamba wa pamba. Hizo atazitumia mkono wake ukiisha zoea.

Sindano hushikwa kwa mkono wa kulia kama kalamu. Uzi hupita juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na kidole gumba pamoja na kile cha kati hushika kazi karibu na sindano. Atumiaye mkono wa kushoto na ageuze yote haya. Kitanzi kikae juu ya mwili wa sindano, pale ulipo mnene, kisikae shingoni karibu na kulabu. Ukikaza vitanzi shingoni, sindano haitapita katika mstari utakaofuata.

MNYORORO

Fanya kitanzi cha kuvuta, ukitie katika sindano. Zungushia uzi juu ya sindano, uukamate kwa kulabu, uvute upite ndani ya kitanzi. Hicho ni kitanzi cha kwanza cha mnyororo. Endelea hivyo hivyo. Mnyororo mzuri hufanana na nywele zilizosukwa, na kila kitanzi kina ukubwa sawa na mwenziwe. Unapohesabu, usihesabu lile fundo la mwanzo, wala kile kitanzi kilicho juu ya sindano.

MSHONO MFUPI NA MSHONO MREFU

Mshono mfupi hufanywa hivi. Ingiza sindano, zungushia uzi, vuta. Sasa una vitanzi viwili. Zungushia uzi tena, uvute upite katika vyote viwili. Kimebaki kimoja, na mshono umekwisha.

Mshono mrefu huanza kwa kuzungushia uzi kabla ya kuingiza sindano. Ingiza, zungushia, vuta. Una vitanzi vitatu. Zungushia, pitisha katika viwili, vimebaki viwili. Zungushia tena, pitisha katika hivyo viwili; kimebaki kimoja. Sisi bwenini twauita nguzo, kwa kuwa husimama wima kama nguzo ya nyumba.

Kutoka mstari wa pili, kila mshono uliokwisha kufumwa una nyuzi mbili juu yake. Sindano sharti ipite chini ya zote mbili. Ukipita chini ya moja tu, kitambaa kitakuwa na mistari iliyochomoza na kitalegea.

Wanaosoma maelezo ya vitabuni na wajihadhari na jambo moja. Jina lile lile ambalo Waingereza huuita mshono mfupi, Wamarekani huuita mrefu. Ukiliona neno "single" katika maelezo, jua kwamba ni ya Kimarekani.

KOSA LANGU

Nilipokuwa Kidato cha Tatu nilimwahidi mama kitambaa cha meza, nimpe siku ya kufunga shule. Uzi aliununua yeye kwa fedha za maandazi. Nilianza kwa nguzo 60, nikafuma kila jioni kabla ya kengele ya masomo ya usiku. Wenzangu walinisifu kwa wepesi wa mkono, nami sikukataa sifa hizo.

Baada ya siku kadhaa niliona kitambaa kinaanza kubana. Nikajiambia kuwa nakaza uzi mno, nikaulegeza. Kikazidi kubana. Nikajiambia kwamba kikifuliwa na kupigwa pasi kitanyooka. Majuma mawili yalipokwisha, kilikuwa kipana chini na chembamba juu, kama jembe lililolika. Nikampelekea mwalimu wetu wa kazi za mikono.

Hakunigombeza. Aliniuliza, "Mstari huu una nguzo ngapi?"

Nikamjibu, "Sijui, Mwalimu."

"Basi hesabu."

Nikahesabu. Ulikuwa mstari wa 16, na nguzo zilikuwa 45. Nilikuwa nimepoteza nguzo moja katika kila mstari, tangu mstari wa pili, na siku hizo zote nalaumu uzi. Mwalimu akasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta," kisha akanirudishia kitambaa changu.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Ukigeuza kazi ili uanze mstari mpya wa nguzo, hufuma kwanza vitanzi vitatu vya mnyororo. Vitanzi hivyo vitatu pamoja ni nguzo ya kwanza, ijapokuwa havifanani na nguzo. Kwa hiyo nguzo ya pili huingia katika mshono wa pili, si katika ule wa kwanza. Hayo niliyafanya. Lakini mwishoni mwa kila mstari yapasa kufuma nguzo ya mwisho juu ya vile vitanzi vitatu vya mstari uliopita. Mimi niliviona kama uzi uliojikunja tu pembeni, nikaviruka na kugeuza. Na kwa kuwa kitambaa hugeuzwa kila mstari, kilipungua pande zote mbili, hata nisione upande upi wenye makosa.

Yuko na mwenye kosa la kinyume. Huyu hufuma katika mshono wa kwanza, kisha hufuma na juu ya vitanzi vitatu. Kitambaa chake huongezeka nguzo moja kila mstari. Kwa mshono mfupi mambo ni rahisi zaidi: hugeuzwa kwa kitanzi kimoja, nacho kwa kawaida hakihesabiwi, basi sindano huingia katika mshono wa kwanza kabisa.

Jioni ile nilifumua. Kazi ya majuma mawili ilikwisha kabla ya kengele kulia, wenzangu wakitazama, nami nilitamani wangekuwa mahali pengine. Lakini donge la uzi lilirudi kama lilivyokuwa, na fedha za mama hazikupotea. Nikaanza tena kwa nguzo 60, na tangu hapo sikugeuza mstari kabla ya kuhesabu.

Siku ya kufunga shule kitambaa kilikuwa nusu tu. Niliona haya kumpa mama kitu kisichokwisha, nikamweleza yote. Mama alikikunja katikati, akaona kingo zake zinakutana sawasawa, akasema, "Kimalizie hapa nyumbani. Nusu iliyonyooka huzaa nusu ya pili." Nilikimaliza likizo, na mpaka leo kiko mezani kwetu.

ZOEZI

Anayetaka kujifunza na afanye hivi. Afume mnyororo wa vitanzi 22. Nguzo ya kwanza ya kufuma aitie katika kitanzi cha nne kutoka kwenye sindano. Vile vitatu alivyoviruka ni nguzo moja. Afume nguzo moja katika kila kitanzi hadi mwisho. Akihesabu atapata 20. Ageuze kwa vitanzi vitatu, afume mistari 10, na kila mstari uwe na nguzo 20, si 19 wala 21. Akipata hesabu nyingine, afumue mstari huo mmoja papo hapo. Mwishoni akunje kitambaa katikati, atazame kingo.

Kufumua mstari mmoja ni kazi ya dakika moja. Kufumua 16 nimewaeleza.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne