Kuwafundisha Watoto Kusema na Kusikilizana

Katika vijiji vya Kampene, wilayani Pangi katika Maniema, watu wazima wanajua kuketi barazani. Likitokea shauri la shamba au la mahari, wazee hukaa pamoja, kila mmoja husema kwa zamu yake, hata neno la kupatana lipatikane. Mtoto hupita pembeni na mzigo wake wa kuni, wala haulizwi kitu. Watu humsifu wakisema: huyu ana adabu, hasemi.

Yafaa kuiangalia vizuri sifa hiyo. Mtoto anyamazaye kwa adabu ajua pia saa ya kusema. Lakini yule anyamazaye kwa sababu hakufundishwa kusema, hatasema hata siku atakapoumwa, wala siku mtu mkubwa atakapomtendea mabaya, wala siku atakaposhawishiwa kuacha shule akabebe mchanga kwenye mashimo ya dhahabu. Mara nyingi wazazi hupata habari wakati umekwisha kupita.

Wazee wa Warega walikuwa na njia yao ya kufundisha. Ilikuwa kamba iitwayo mutanga, iliyotandazwa mahali watu walipokutana. Juu yake vilifungwa vitu vidogo vidogo: ganda la konokono, unyoya wa ndege, kipande cha kibuyu. Kila kitu kilikuwa na methali yake. Kijana aliuliza maana; au mzee alionyesha kitu, naye kijana akatafuta maneno yake. Padri Georges Defour, wa shirika la Mapadri Weupe, ambaye alianzisha chama cha vijana cha Xaveri mjini Bukavu mwaka 1952, aliandika kitabu juu ya kamba hiyo ya hekima.

Mwalimu wa kijijini aweza kuanza hapo hapo. Awakusanye watoto 6 au 8 wenye umri karibu sawa, maana wakiwa 30 watasema watatu tu, na hao ndio wakubwa. Wakae mviringo, naye akae chini pamoja nao. Aweke katikati kitu kimoja wanachokijua, tuseme jembe lililovunjika mpini, kisha aulize: Kitu hiki chaweza kutuambia nini? Swali linalojibiwa kwa ndiyo au hapana halifai kitu.

Baada ya kuuliza, anyamaze. Hapa ndipo walimu wengi hushindwa. Mtoto akikawia kidogo, mwalimu hujibu mwenyewe, na watoto hujifunza upesi kwamba wakingoja, kazi itafanywa na mwingine. Basi avumilie ule ukimya, ingawa ni mzito. Tena asiwe mwepesi wa kukosoa lugha. Nyumbani watoto hawa husema Kirega, sokoni Kiswahili, na shuleni hukutana na Kifaransa. Mtoto mwenye akili aweza kuonekana mjinga kwa kukosa neno moja tu. Alitaje kwa Kirega, wenzake watamsaidia kuligeuza.

Kusikiliza nako kuna zoezi lake. Kabla ya kumjibu mwenzake, mtoto aseme kwanza yale aliyoyasikia, na mwenzake akubali kwamba ndivyo alivyosema. Mwanzoni watacheka, kwa kuwa wengi wataona kwamba hawakusikia kitu. Injili ya Luka yaeleza kwamba Yesu, mwenye miaka 12, alionekana hekaluni kati ya waalimu akiwasikiliza na kuwauliza maswali.

Wakizoea, wapewe shauri la kuamua. Watoto wawili walitumwa mtoni. Mmoja akaliacha bidoni lake njiani akaenda kucheza, wa pili akalichukua bila ruhusa, likapasuka. Nani atalipa? Wavulana hudakia kwanza. Mwalimu awaombe wangoje, awape wasichana nafasi ya kuanza, na wale wanyamavu waongee kwanza na jirani mmoja, wawili wawili, ndipo waseme mbele ya wote.

Baadhi ya wababa huogopa kwamba watoto watakuwa wakaidi. Lakini kutoa neno kwa zamu si kubishana, na hata sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009, ya kumlinda mtoto, yampa haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu.

Huenda siku moja mtoto akatamka barazani jambo zito la nyumbani kwao. Mwalimu asimhoji mbele ya wenzake, wala asimkemee. Amshukuru kwa kusema, aendelee na mazungumzo kwa upole, kisha akae naye kando, mahali wanapoonekana na watu, amsikilize mpaka mwisho. Asimwahidi kwamba atalificha jambo hilo. Bali kabla ya kumrudisha nyumbani, atafute pamoja naye mtu mzima ambaye mtoto mwenyewe anamwamini.