Somo la Biashara: Programu za Wavuti

Mwaka 1993 maabara ya CERN, huko Uswisi, ilitoa ufundi wa wavuti bure kwa watu wote. Kwa hiyo hata kijana wa Kisarawe aweza kutunga programu bila kulipia ufundi huo. Lakini kuiendesha si bure. Mimi nilijifunza hayo kwa hasara.

Nilimtungia mzee mmoja mwenye duka, kwetu Kisarawe, daftari la madeni la kwenye intaneti. Alinilipa shilingi 150,000 mara moja, nikafurahi. Kumbe seva, yaani kompyuta inayotunza daftari hilo, hulipiwa kila mwezi! Fedha zilipokwisha, daftari likafungwa, na mzee akashindwa kuwadai wadaiwa wake. Nilimwomba radhi, nikalipia seva kwa fedha zangu hata akapata madeni yake yote.

Sasa nina wateja mjini Kibaha. Hesabu yangu ni hii: maduka 12, kila moja shilingi 5,000 kwa mwezi, ni 60,000. Toa 25,000 za seva na 10,000 za bando, zabaki 25,000. Katika hizo naweka akiba 10,000. Tena kila Jumamosi nanakili madaftari yote na kuyaweka mahali pengine. Jina la biashara nimeliandikisha BRELA.

Basi, ndugu mwanafunzi, kabla hujatunga programu jiulize: baada ya mwaka mmoja nani atalipia seva? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nawe umekabidhiwa daftari la mwenzio.