Maili Zisiote Kutu: Kijitabu cha Msafiri wa Ndege wa Ipagala

Chenji uliyoiacha kaunta

Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, Ipagala, hapa Dodoma, imepata wakazi ambao begi lao halikai chini. Wiki hii mtu yuko Dar es Salaam, mwezi ujao Nairobi kwenye semina, mwisho wa mwaka Guangzhou kufuata mzigo wa duka. Wengine hupanda ndege mara sita au saba kwa mwaka, lakini ukiwauliza namba ya uanachama wa mpango wa wasafiri wa mara kwa mara wanacheka: "Hayo ni mambo ya wakubwa."

Si mambo ya wakubwa. Kujiunga ni bure, kunafanyika kwenye simu kwa dakika chache, na hakuna anayekuuliza mshahara wako. Kila safari uliyokwenda bila namba ni chenji uliyoiacha kaunta.

Kabla ya kukimbilia kujiunga, ni vizuri kuujua mchezo wenyewe. Shirika la American Airlines lilianzisha mpango wake wa kumpa msafiri pointi, au maili, kwa safari zake tarehe 1 Mei 1981, na washindani wake wakafuata haraka. Hesabu yao ilikuwa nyepesi. Kiti kitakachoruka kitupu hakiliingizii shirika hata senti, kwa hiyo kumpa mteja kiti hicho kwa pointi zake hakuumi sana, ila mteja yule akishaonja hatapenda kupanda ndege ya mwingine hata kama nauli yake iko chini. Basi pointi si sadaka. Shirika linakupa ili siku moja ulipe nauli iliyozidi kidogo ile uliyopaswa kulipa. Anayefaidi ni yule anayezikusanya kwa safari ambazo angekwenda tu, iwe kuna pointi au hakuna.

Chungu kimoja kinachojaa

Kwetu Afrika Mashariki majina ni mengi. Air Tanzania wana Twiga Miles, Precision Air wana Paa Royal, Kenya Airways wana Asante Rewards, RwandAir wana Dream Miles na Ethiopian wana ShebaMiles. Wageni wanaotua Dar es Salaam nao wana yao: Emirates na Skywards, Qatar Airways na Privilege Club, Turkish na Miles&Smiles, KLM pamoja na Air France na Flying Blue. Msafiri anajiunga kote, anajiona mjanja, na baada ya miaka mitano ana vyungu tisa vyenye kikombe kimoja kimoja cha maji. Hakuna hata kimoja kinachotosha kupikia.

Dawa yake ni kuyajua makundi ya mashirika yanayoshirikiana. Star Alliance ilianza 1997, oneworld 1999 na SkyTeam 2000. Mashirika yaliyomo kundi moja hupokea namba za wenzao. Ethiopian na Turkish wote wako Star Alliance, kwa hiyo mfanyabiashara anayekwenda Guangzhou kupitia Addis Ababa anaweza kuandikisha safari ile ShebaMiles au Miles&Smiles, kokote anakoona chungu chake kinajaa upesi. Kenya Airways na KLM wako SkyTeam, Qatar Airways wako oneworld. Emirates hawamo kundi lolote kati ya hayo matatu, na Air Tanzania na Precision Air pia hawamo. Safari moja huandikishwa mahali pamoja tu, na ikishaandikishwa hairudi nyuma.

Jiulize, basi, safari zako ndefu zinaelekea wapi, kwa sababu safari fupi hazijazi chungu. Kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam kwa njia ya anga ni kama kilomita 390, yaani maili 240 hivi. Dar es Salaam hadi Dubai ni karibu maili 2,500. Piga hesabu: inabidi uende Dar na kurudi mara kumi ili ufikie umbali wa safari moja tu ya Dubai kwenda na kurudi. Tena siku hizi mashirika mengi hayahesabu umbali. Flying Blue waliachana nao Aprili 2018, wakaanza kuhesabu fedha uliyolipa. Kwa mpango wa namna hiyo, mwenye tiketi ya bei ya promosheni anapata pointi chache kuliko jirani yake aliyekaa kiti cha pembeni, ingawa wote wametua saa ile ile.

Usifukuzie pointi angani

Tuwe wa kweli hapa. Treni ya mwendokasi ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida ilikuwa Sh 31,000. Ndege haiwezi kukaribia bei hiyo, na maili 240 haziwezi kuziba pengo hilo. Mkazi wa Ipagala anayekwenda Kariakoo kununua vitu arudi kesho yake apande treni, pointi azisahau. Ndege ina maana pale unapounganisha na ndege nyingine siku hiyo hiyo, au kikao ni saa nne asubuhi na jioni unatakiwa uwe nyumbani. Kijitabu hiki hakimtumi mtu kupanda ndege.

Jina, namba na ile herufi ndogo

Pointi nyingi hupotea kwenye uandishi. Sisi tunaishi na majina matatu: la kwako, la baba na la babu au ukoo. Ukijiunga kwa majina mawili kwa kuwa ndiyo unayotumia kazini, kisha wakala akakata tiketi kwa matatu yaliyomo kwenye pasipoti, kompyuta inaona watu wawili. Mwandishi wa maneno haya alipoteza safari nne kwa njia hiyo. Kila tiketi ilikuwa na namba sahihi, na kila mara mfumo uliikataa kimyakimya, hakuna aliyempigia simu. Aligundua mwaka uliofuata alipofungua akaunti akitarajia kukuta kiti cha bure, akakuta sifuri. Andika jina la akaunti kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na kama mama amebadili jina baada ya ndoa, abadili kwenye akaunti pia.

Namba mpe wakala siku ya kukata tiketi. Kisha uwanjani, kabla hujaondoka kaunta, tazama kipande cha bodingi pasi ulichopewa. Karibu na jina lako, kwa maandishi madogo, panatakiwa kuwa na herufi mbili za shirika na kufuatiwa na namba yako. Pakiwa patupu, mwambie mhudumu papo hapo. Kwake ni kazi ya nusu dakika. Uwanja wetu wa Dodoma ni mdogo na foleni yake haitishi, kwa hiyo usione haya.

Kuna herufi nyingine ambayo watu hawaiangalii. Kwenye tiketi, mbele ya namba ya ndege, huwa pana herufi moja kama Y, M, Q au T. Hiyo ndiyo daraja la nauli, na si sawa na daraja la kiti. Watu kumi wanaweza kukaa mstari mmoja wa daraja la kawaida wakiwa na herufi tofauti, na kwenye mipango inayohesabu umbali mmoja akapata maili zote, mwingine robo, mwingine asipate kitu. Kabla hujalipa muulize wakala: "Hii herufi inanipa asilimia ngapi kwenye programu yangu?" Akishindwa kujibu, jedwali liko kwenye tovuti ya programu yenyewe.

Umesafiri bila namba? Bado kuna nafasi. Mashirika mengi hukubali madai ya nyuma kwa miezi kadhaa, ilimradi una namba ya tiketi na bodingi pasi. Usiitumie bodingi pasi kuashiria ukurasa kwenye kitabu halafu ukaisahau. Ipige picha, ihifadhi hadi pointi zionekane.

Pointi moja ni shilingi ngapi

Hapa ndipo wengi huibiwa mchana kweupe, na wanashukuru. "Tiketi ya bure" si ya bure: kodi na tozo za viwanja unalipa, na baadhi ya mashirika huongeza tozo yao wenyewe inayoweza kukaribia nusu ya nauli. Chukua nauli ya fedha taslimu ya ndege ile ile, siku ile ile. Toa kiasi unachotakiwa kulipa juu ya pointi. Kinachobaki gawanya kwa idadi ya pointi.

Tuchukue tarakimu za mfano tu. Tiketi inauzwa Sh 1,400,000. Kwa pointi wanataka 30,000 pamoja na Sh 350,000 za kodi. Umeokoa Sh 1,050,000, kwa hiyo kila pointi imekufanyia kazi ya Sh 35. Sasa fungua ukurasa wa zawadi, ukute blenda ya Sh 120,000 inauzwa kwa pointi 12,000. Pale pointi yako ni Sh 10. Blenda nenda kanunue sokoni Majengo.

Ukishafanya hesabu hii mara mbili tatu utaona jambo moja: pointi zina thamani kubwa pale nauli inapopaa. Wakati wa Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, viti vya kuja na kutoka Dodoma hugombaniwa. Desemba nauli za kila upande hupanda. Mpango wenye jedwali lisilobadilika hukudai pointi zile zile, msimu uwe wa neema au wa njaa, ila viti vinavyotengwa kwa pointi ni vichache, na atakayevipata ni aliyetafuta miezi mingi kabla. Mpango unaopandisha pointi kadiri nauli inavyopanda hauna faida hiyo, na wenye mtindo huo wanaongezeka. Kupandishwa daraja kwa safari ya usiku mrefu nako huwa na thamani nzuri, hasa kwa mwenye magoti yanayolalamika. Kununua pointi kwa fedha usinunue, isipokuwa umebakiza chache sana kufikia kiti ambacho umeshakiona kipo.

Dumuzi wa ghalani

Mkulima wa mtama anajua kwamba ghala kujaa si salama ya mwaka mzima. Pointi nazo zina dumuzi wake, naye ni tarehe. Za Emirates Skywards hudumu miaka mitatu, kisha huondoka mwisho wa mwezi wako wa kuzaliwa, hata kama ulisafiri jana. Pointi za Qatar Airways, ziitwazo Avios, hubaki hai ukifanya jambo lolote la kuingiza au kutoa ndani ya miezi 36. Tofauti ni kubwa: kule tumia za zamani kwanza, huku gusa akaunti mara moja moja. Fungua kalenda ya simu, weka ukumbusho miezi sita kabla.

Tena kuna hasara ambayo ukumbusho hauizuii. Shirika linaweza kuamua asubuhi moja kwamba kiti kilichokuwa pointi 30,000 sasa ni 45,000, na masharti uliyokubali bila kusoma yanaliruhusu. Kwa hiyo usijenge akiba ya pointi ya kusomeshea wajukuu. Zikitosha safari unayoitaka, safiri. Kama kuna familia, ulizia akaunti ya pamoja. Emirates na Qatar Airways wanayo, na pointi za baba, mama na watoto zinaingia chungu kimoja badala ya kufa mbalimbali.

Tiketi ya ofisi, pointi za nani?

Hili ni swali la Dodoma hasa. Programu nyingi humwandikia pointi aliyekaa kwenye kiti, bila kujali nani alilipa. Lakini sheria ya shirika la ndege si sheria ya mwajiri wako. Ujerumani mwaka 2002 wanasiasa walibanwa kwa kutumia maili za safari za kibunge kwenye safari zao binafsi. Gregor Gysi alijiuzulu useneta wa uchumi wa Berlin Julai mwaka huo kwa ajili hiyo. Marekani kwa miaka mingi maili za safari za kiserikali zilikuwa mali ya serikali, mpaka sheria ya Desemba 2001 ilipowaruhusu watumishi kubaki nazo. Nchi mbili, majibu mawili. Wewe uliza ofisini kwako, na jibu liwe la maandishi. Kisichohitaji kuulizwa ni hiki: kuchagua ndege ya bei kubwa kwa fedha ya umma ili namba yako ineemeke ni wizi.

Picha ya bodingi pasi kwenye stetasi

Akaunti yenye pointi ni mkoba wenye fedha. Tunapiga picha bodingi pasi, tunaiweka WhatsApp na maneno "Mungu ni mwema", na pale pale tumeonyesha jina kamili, namba ya buking na namba ya uanachama. Kwa namba ya buking na jina la ukoo, mtu anaweza kuifungua safari yako akiwa kwake, akabadilisha hata kiti. Ukitaka kuringa, na kuringa kidogo si dhambi, piga picha ya bawa la ndege. Nywila ya akaunti isiwe mwaka wa kuzaliwa, na wakala asiwe ndiye mwenye barua pepe uliyojiungia. Ujumbe wa simu unaosema umeshinda maili na unatakiwa kutuma fedha kidogo "ya usajili" ni utapeli. Utume kwenda namba 15040 bila gharama, kisha ufute.

Pointi zisipoingia, anza na shirika lenyewe kwa maandishi, ukiambatanisha tiketi na bodingi pasi, na utunze namba ya lalamiko. Wakikaa kimya, hapa nchini lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, na barua yenye vielelezo hivyo ndiyo watakayoifanyia kazi.