Ununuzi wa Gari Lililotumika: Hadhari ya Mnunuzi na Amana ya Muuzaji

Ndugu msomaji, baada ya nyumba na shamba, mtu wa kipato cha kawaida hana kitu cha thamani kubwa anachokinunua kuliko gari. Huweka akiba kwa miaka mingi, huuza mifugo, hukopa katika chama cha akiba na mikopo, kisha jasho hilo lote humkabidhi mtu asiyemjua kwa mazungumzo ya alasiri moja. Akidanganyika, gari alilolitarajia limletee riziki huanza kuila riziki yake, na nyumba nzima huingia katika dhiki kwa ajili ya kosa la siku moja.

Wapo walioingia katika Islam karibuni, na wapo wanaoichunguza, wanaouliza kama dini ina neno lolote la kusema katika jambo kama hili. Jibu ni kwamba linalo, tena si neno la juujuu. Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.) alikuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume, na mafundisho yake juu ya sokoni yanagusa hila zile zile zinazoonekana leo katika yadi za magari.

Kwa nini soko hili lina hila nyingi

Mwaka 1970 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, alitoa makala iliyolichukua soko la magari yaliyotumika kuwa mfano wake mkuu. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na wenzake wawili, Michael Spence na Joseph Stiglitz, kwa utafiti wa masoko ambamo upande mmoja unajua zaidi kuliko wa pili. Hoja yake ni nyepesi kufahamika. Muuzaji anajua hali ya gari lake, lakini mnunuzi hajui. Kwa kuwa hawezi kulitofautisha zima na bovu, mnunuzi hukataa kutoa bei ya gari zima. Hutoa bei ya katikati. Mwenye gari zima, akiona bei hiyo haimfai, huliondoa sokoni. Mwenye gari bovu hubaki, kwani kwake bei hiyo ni faida. Hivyo magari mazuri huzidi kutoweka na mabovu huzidi kubaki.

Tazama basi, ndugu msomaji, jinsi uwongo wa muuzaji mmoja usivyomdhuru mnunuzi mmoja tu. Humharibia hata muuzaji mkweli, kwa kuwa watu hawamwamini tena.

Mafundisho ya Mtume Mtukufu (s.a.w.)

Imepokewa katika hadithi kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono ndani ya chungu ya nafaka, vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye nafaka akaeleza kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, na akamkanya kuwa mdanganyifu hayuko pamoja naye. Gari lililopakwa rangi mpya juu ya kutu ni chungu ile ile.

Vile vile alikataza mtu asimwache mnyama siku kadhaa bila kumkama ili chuchu zijae, mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo alipewa haki ya kumrudisha katika muda wa siku tatu. Je, mita ya kilomita iliyorudishwa nyuma ina tofauti gani na chuchu hizo? Zote mbili ni kipimo kilichofanywa kiseme uwongo.

Tena alikataza mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua, ili kumhadaa mwingine. Na katika hadithi ya Hakim bin Hizam (r.a.) tunafundishwa kwamba muuzaji na mnunuzi wana hiari mpaka waachane, wakisema kweli na kubainisha kasoro, biashara yao hubarikiwa, na wakificha, baraka hiyo huondolewa. Yafuatayo yote yamesimama juu ya msingi huo.

Kwanza: ijue historia ya gari

Magari mengi yanayouzwa Kenya na Tanzania yametoka Japani, kwa kuwa nchi hizo zote huendesha upande wa kushoto wa barabara. Nchini Japani gari dogo jipya hukaguliwa kwa mujibu wa sheria baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2. Magari mengi huuzwa huko kwa mnada, na kila gari hupewa karatasi ya ukaguzi yenye alama. Alama ya 4 au 4.5 ni ya gari zuri. 3 ni ya gari lenye michubuko na kasoro nyingi. Herufi R au RA huonyesha gari lililopata ajali likatengenezwa. Mwombe muuzaji karatasi hiyo pamoja na cheti cha kuliondoa gari katika daftari la Japani. Akisema zimepotea, usimwite mwongo, lakini hesabu bei yako kana kwamba habari zilizomo si njema.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Kwa hiyo mwaka wa gari ni jambo la fedha nyingi, na ndiyo sababu usiuchukue kwa maneno matupu. Namba ya chasisi iliyogongwa kwenye bodi lazima ilingane, tarakimu kwa tarakimu, na ile ya kwenye kadi ya gari. Tazama pia ubavuni mwa tairi: tarakimu 4 za mwisho katika alama ya DOT hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi yenye 2319 imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukiambiwa gari limetembea kilomita 30,000 tu, nawe ukakuta mpira wa pedali ya breki umelika, usukani umekuwa laini na kiti cha dereva kimebonyea, basi amini unachokiona kuliko mita.

Pili: lichunguze mchana, injini ikiwa baridi

Usikague gari usiku, wala mvua inaponyesha, kwani maji huifanya rangi yote ing'ae. Mweleze muuzaji asiliwashe kabla hujafika; injini iliyokwisha pashwa moto huficha ugonjwa wake. Kisha fuata utaratibu huu:

1. Simama kwenye pembe ya gari utazame ubavu wake wote. Rangi zisizolingana, au nafasi za milango zisizo sawa, ni dalili ya ajali. Tazama skrubu za boneti: zikiwa na mikwaruzo ya spana, zimewahi kufunguliwa.

2. Inua mazulia ya sakafuni na kanyagio za buti. Matope makavu, harufu ya uvundo na kutu chini ya viti huonyesha gari lililozama katika mafuriko.

3. Chomoa kijiti cha oili. Oili yenye rangi ya maziwa imechanganyika na maji, na matengenezo yake ni ghali.

4. Fungua swichi bila kuwasha injini. Taa za tahadhari katika dashibodi lazima ziwake, kisha zizimike injini ikishaunguruma. Taa isiyowaka kabisa yaweza kuwa imeondolewa kwa makusudi, ili isitoe ushahidi.

5. Tazama moshi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta yaliyozidi. Mweupe usiokoma hata injini ikipata moto ni maji yanayoingia ndani ya injini.

6. Liendeshe mwenyewe, katika barabara nzuri na mbovu. Lione linavyoshika breki bila kuvuta upande, na gia zinavyoingia bila kusita.

Baada ya hayo, mlete fundi wako mwenyewe, si yule anayependekezwa na muuzaji, umlipe ujira wake hata kama hukununua. Fundi anayelipwa tu gari likinunuliwa hawezi kuwa shahidi huru. Muuzaji akikataa gari lisikaguliwe na fundi, amekwisha kukujibu.

Tatu: dalali na bei

Udalali ni kazi halali, na wapo madalali waaminifu. Lakini muulize mapema: ujira wake hulipwa na nani, na kiasi gani? Asiyetaka kulijibu swali hilo huenda anaongeza fedha yake juu ya bei bila wewe kujua. Utaambiwa pia kuwa yuko mteja mwingine anayekuja na fedha saa kumi. Huenda ni kweli, na huenda ni ile hila ya kupandisha bei iliyokatazwa. Dawa yake ni moja: fika ukiwa umekwisha kuuliza bei ya gari la aina hiyo na mwaka huo mahali pengi, na umeiweka moyoni bei usiyoweza kuivuka. Usitoe arabuni kwa ajili ya hofu. Gari lililokupita halikukupunguzia chochote.

Nne: maandishi na mashahidi

Katika Sura Al-Baqara waumini wameagizwa kuyaandika madeni ya muda, yawe madogo au makubwa, na kuweka mashahidi wanapouziana. Usione haya, basi, kudai maandishi hata kwa rafiki au ndugu katika imani. Kuandika si kumshuku mtu, bali ni kuulinda udugu.

Kabla ya kulipa, hakikisha jina la muuzaji ndilo lililo katika daftari la serikali: Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa Tanzania, na NTSA kwa Kenya. Uliza kama gari limewekwa rehani benki na kama lina faini za barabarani. Andikeni mkataba mbele ya wakili, mkitaja namba ya chasisi na ya injini, bei na kasoro zilizokubaliwa. Lipa kwa njia ya benki, kwa jina lile lile la mwenye gari, na ubadilishe umiliki upesi. Gari lililobaki katika jina la mwingine laweza kudaiwa kwa madeni yake.

Hapa mnunuzi naye hutahiniwa. Utashauriwa muandike bei ndogo ili kupunguza kodi. Huo ni uwongo ulioandikwa na kushuhudiwa. Tena, mkipelekana mahakamani, karatasi hiyo hiyo itasema kuwa ulilipa kidogo.

Siku utakapokuwa muuzaji

Ndugu msomaji, ipo siku gari hilo nawe utaliuza. Utaijua gia inayosita asubuhi na rejeta inayovuja, na mbele yako atasimama mtu mwenye akiba ya miaka mingi, asiyejua kitu. Utaambiwa kwamba kila mtu huficha, na kwamba ukisema kweli utapata hasara. Huenda ukapata pungufu kweli. Lakini mtu huyo ataondoka akijua anachokinunua, na atawaeleza wengine ni nani aliyemwambia. Mtu anayetaka kuipima dini yetu hatasoma vitabu vyetu kwanza. Atatazama tulivyouza gari letu.

Mwenyezi Mungu atujaalie macho ya kuona tunaponunua, na ndimi za kusema kweli tunapouza. Amin.