Haidroksiurea: Dawa Inayoubana Uloto

Mtoto mwenye selimundu huzaliwa akionekana mzima. Hunyonya, hucheka, huongezeka uzito. Halafu, mara nyingi akishatimiza nusu mwaka, viganja na nyayo huvimba, na akiguswa tu analia. Kasoro alizaliwa nayo. Mbona ilinyamaza muda wote huo?

Tuanzie kwenye himoglobini, protini inayobeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu. Tumboni mtoto hutumia himoglobini ya kichanga, ambayo maabara huiandika HbF. Baada ya kuzaliwa, uloto, yaani ile tishu laini ndani ya mifupa inayozalisha damu, huhamia kwenye himoglobini ya ukubwani. Kasoro ya selimundu imo katika hii ya pili. Pale palipopaswa kuwa na asidi ya glutamiki pamekaa valini, basi. Lakini kwa sababu hiyo himoglobini ikishaachia oksijeni hunasana na kuwa nyuzi ngumu, chembe ikapinda kama mundu, ikakwama kwenye mishipa midogo. Maumivu huanzia hapo.

HbF haiingii katika nyuzi hizo, huzikatiza. Ndiyo iliyokuwa ikimlinda yule mtoto, na daktari Janet Watson wa Marekani alilidokeza hilo mwaka 1948. Je, mtu aliyekwisha kukua anaweza kurudishiwa kinga hiyo?

Haidroksiurea ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, na baadaye ikatumika kutibu saratani za damu na magonjwa ambayo uloto huzalisha chembe kupita kiasi. Huzuia kimeng'enya kinachoandaa malighafi ya DNA. Chembe inayotaka kugawanyika hujikuta kama fundi aliyeishiwa matofali. Uloto, ambao haupumziki kugawanya chembe, ndio unaoumia kwanza. Ukibanwa kwa kipimo kisha ukapata nafuu, hutoa chembe nyekundu zenye HbF nyingi zaidi. Namna jeni ya HbF inavyoamshwa bado inachunguzwa. Chembe nyeupe nazo hupungua, na kwa kuwa hunata kwenye kuta za mishipa, hilo pia ni nafuu.

Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa dawa hii hupunguza vipindi vya maumivu kwa watu wazima karibu nusu. Afrika kulikuwa na hofu ya haki: itakuwaje kuubana uloto wa mtoto anayeishi kwenye malaria? Utafiti wa REACH, uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ulijibu. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha maumivu, kuongezewa damu na vifo vikipungua, na hata malaria yenyewe.

Hata hivyo, mkono unaosaidia ndio uleule unaoweza kudhuru. Chembe nyeupe zikishuka mno, maambukizi hupata njia. Inaniuma kuona mama akiagizwa kurudi kupima picha nzima ya damu bila kuambiwa sababu, kwani kipimo hicho ni nusu ya tiba: kwacho daktari huongeza dozi, huipunguza au huisimamisha. Homa ikipanda, mgonjwa awahi hospitali. Anayepanga kupata mtoto, mwanamke au mwanamume, azungumze na daktari kwanza.

Nafuu huchukua miezi. Ila kwenye karatasi ya majibu tazama mstari wa MCV, ukubwa wa chembe nyekundu: namba hiyo ikipanda, kwa kawaida ni dalili kwamba dawa imeshaufikia uloto.